Kaburi la Shigela

Siku Padri alipokuja kumwambia Klara kwamba ameitwa Japani na nauli imekwisha kulipwa, wanawake waliokuwa wakipepeta mtama uani waliweka nyungo chini wakamtazama, na hakuna aliyepiga kigelegele. Kila mtu alijua anaitiwa nini. Mama yake Shigela alikuwa anamtaka mwanawe.

Jina lake hasa lilikuwa Shigeru. Alikuja Kishapu na watu wa misheni kuchimba visima, kijana mwembamba aliyekuwa akicheka kabla ya kuelewa kilichosemwa, akapangiwa kulala kwenye kaya ya Klara kwa sababu ilikuwa karibu na kisima cha kwanza. Watu walimtamka Shigela, jina ambalo Wasukuma tayari wanalo, na msimu mmoja haukuisha kabla wote hawajasahau kwamba aliwahi kuitwa vingine. Alimwita Klara mayu, yaani mama, kama watoto wote wa kaya ile. Mvua za El Nino zilipokata barabara ya Shinyanga, alishikwa na malaria ikampanda kichwani. Wanaume walimbeba na kitanda chake mpaka mtoni, wakakuta maji yamefunika daraja, wakarudi naye. Alifariki maji yakiwa bado hayajashuka. Hapakuwa na gari, hapakuwa na simu, na joto la Kishapu halimngoji marehemu. Walimzika pembeni mwa zizi, mahali wanapozikwa watu wa kaya, na katekista akasoma sala.

Klara alilihitaji kaburi lile kuliko watu walivyojua. Mwanawe wa pekee, Ngusa, alikuwa amefukiwa huko machimboni Rwamgasa kabla Shigela hajafika. Wachimbaji shimo lao la dhahabu huliita duara. Duara la Ngusa lilifunga, yaani liliporomoka, ghafla mchana, yeye na wenzake wakiwa chini, na Klara alikuwa hapo hapo juu akiponda mawe pamoja na wanawake wengine. Alipiga magoti mbele ya mwenye duara akamwomba afukue. Yule mtu, macho yake yakiwa chini, alimjibu kwamba kuwafukua waliokufa ni kuua walio hai. Klara aliondoka Rwamgasa bila hata shati la mwanawe. Tangu siku hiyo, kila aliposali Baba Yetu, akifika pale pa kuwasamehe waliotukosea alinyamaza, akaruka, akaendelea mbele.

Matanga ya Ngusa yalikaliwa bila kaburi. Kwa hiyo Shigela alipozikwa, Klara alilia vilio viwili kwa mara moja, na kila jioni alipopiga magoti kando ya zizi na rozari yake alitaja majina mawili. Mungu alikuwa amempa mahali pa kupigia magoti. Ndivyo alivyoamini, na hakumwambia mtu.

Sasa mama yake kijana aliomba, kwa njia ya misheni, mifupa ifukuliwe, ichomwe moto kama ilivyo desturi ya kwao, na majivu yapelekwe nyumbani. Padri alijibu kwamba kibali cha serikali kitapatikana, ila mwenye kaya asipokubali hakuna mtu Kishapu atakayethubutu kugusa udongo ule. Ndipo yule mama akasema kwamba jambo kama hilo haliombwi kwa karatasi. Yeye moyo wake ulikuwa mgonjwa na madaktari walimkataza ndege. Akamtumia Klara nauli, waonane uso kwa uso.

Asubuhi ya safari alikuja Mageni, mdogo wake marehemu mume wa Klara. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua kofia. Alisema amekuja kumuaga shemeji yake, akasifu viatu vipya alivyopewa na masista, akauliza kama kweli Wajapani wanakula samaki mbichi. Halafu akafika alipokuwa anaelekea.

"Shemeji, kaburi likifunguliwa hapa, watu watasema nini?"

"Watasema mama amemchukua mwanawe."

"Watasema mifupa ya Mjapani imeuzwa kwenye maduara ili ivute dhahabu. Kisha watayatazama macho yako."

Macho ya Klara yalikuwa mekundu. Katika nchi ile isiyo na miti, wanawake hupikia samadi kavu, na moshi wake huyala macho mwaka hadi mwaka mpaka yanakuwa kama ya mtu aliyekesha akilia. Mwaka uliotangulia, Limi, mjane wa kaya ya pili, alikatwa mapanga mlangoni kwake akimenya viazi, mchana kweupe, kwa sababu mtoto wa jirani alikufa kwa degedege na Limi alikuwa na macho kama hayo, ambayo watu huyaita ya mchawi. Hakuna aliyepelekwa mahakamani. Shamba lake lililimwa msimu uleule na wanaume wa ukoo. Klara aliyajua hayo, na Mageni alijua kwamba anayajua.

"Unanitisha, shemeji?"

"Nakutishaje? Nakuletea maneno ya watu."

"Watu gani? Hawana majina?"

Mageni alicheka kidogo, akasimama, akajipangusa suruali. "Wewe nenda, ukale samaki wao. Ukifika kule useme hapana, urudi uishi."

Klara alisafiri na neno hilo moja tu limefungwa moyoni, hapana. Alilishika kuanzia Shinyanga mpaka Dar es Salaam, na kwenye ndege alilirudia kwa kila punje ya rozari. Hakuona kwamba ni dhambi. Mungu hajamwagiza mjane ajipeleke kwenye panga.

Alipokelewa na Sista Michiko, mtawa wa huko aliyefanya kazi hospitali ya misheni Shinyanga mpaka nywele zikawa nyeupe. Sista alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na Klara, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu aondoke nyumbani, alilia pale pale uwanja wa ndege mbele ya watu wote.

Kesho yake walipanda mlimani kwa gari. Sista alimwambia wanakwenda kwenye ziwa ambalo watu hutoka mbali kuja kulitazama, na kwamba kijiji cha akina Shigeru kiko chini yake. Msitu ulikuwa mzito, giza la kijani, na barabara ilizunguka na kuzunguka. Halafu miti ikaachia ghafla, na ziwa likawa chini yao.

Klara alikuwa ameliona Ziwa Viktoria, kubwa, la rangi ya chai, limejaa ngalawa na kelele. Hili lilikuwa jingine. Lilikaa katikati ya milima kama maji yaliyosahauliwa ndani ya chungu, ya buluu karibu na ufuko na meusi katikati, bila wimbi, bila mtumbwi, bila ndege. Daraja dogo jekundu lilivuka kijito kinachotoka ziwani. Watalii walisimama pale wakipigana picha, vijana wakitoleana ulimi. Sista alieleza kwamba hapo zamani ulikuwa mlima wa moto. Ulilipuka, tumbo lake likabaki tupu, kilele kikadidimia ndani, maji yakajaa juu yake.

"Kwa hiyo lilifunga," Klara alisema.

Sista, aliyewahi kuwafunga bendeji wachimbaji wengi, alielewa. "Ndiyo, mayu. Lilifunga."

Mama yake Shigela alikuwa akiwangoja upande wa pili wa daraja, mwanamke mdogo aliyevaa nguo nyeusi, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Klara alikunja goti kama wanavyoamkia wanawake wa Kisukuma, yule mama naye akainama kiunoni, na vichwa vyao vikakaribia kugongana. Hakuna aliyejua nani ni mkubwa, kwa hiyo kila mmoja alimpa mwenzake heshima ya mkubwa, na Sista ikambidi awainue wote wawili.

Walitembea kuzunguka ufuko. Baada ya hatua chache nyasi zilikwisha. Ardhi ikawa nyeupe na njano, imeungua, na katika nyufa zake ulitoka mvuke wenye harufu ya mayai viza. Kila mahali palikuwa na mawe yaliyorundikwa, marundo madogo kwa makubwa, mengine yamezidi magoti, na kati yake watu walikuwa wamechomeka vipepeo vya karatasi vya rangi vinavyozungushwa na upepo. Watalii walikuwa wamebaki darajani. Huku palikuwa kimya, sauti ya vile vipepeo tu.

Klara alipatambua mahali hapo mara moja, au alidhani amepatambua. Udongo uliogeuzwa, harufu inayokaba koo, mawe yaliyotolewa chini yakarundikwa mdomoni mwa shimo: aliiona Rwamgasa. Mikono yake iliyoponda mawe haikumngoja afikiri. Iliokota jiwe juu ya rundo lililokuwa karibu, ikalipima uzito, ikaligeuza. Akalilamba, kama kila mwanamke wa machimboni anavyolilamba jiwe ili lilowe na aone kama lina mng'ao wa dhahabu, akaliinua kwenye jua.

Yule mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba.

Klara alishtuka. Sista alikuwa amejishika mdomo. Alimweleza polepole kwamba pale hapachimbwi kitu. Mawe yale yamerundikwa na wazazi waliofiwa na watoto. Mzazi huja, huweka jiwe juu ya jiwe, kwa maana huaminiwa kwamba roho ya mtoto hurundika mawe upande wa pili wa maji na haiwezi kumaliza peke yake.

"Na hili nililoshika?"

Sista alimuuliza yule mama, kisha akajibu kwa shida. Hilo lilikuwa rundo la mtoto wa watu wengine, yule mama hawajui.

Klara aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Amevuka bahari, ameingia makaburini kwa watu, amemlamba mtoto wao kwa tamaa ya dhahabu. Alipiga magoti kwenye ule udongo wa moto. Alilifuta jiwe kwa kanga yake, akajaribu kulirudisha, nalo lilikataa kukaa, likaporomosha mengine mawili. Ndipo alipoona mikono mingine ikija kando ya yake. Yule mama alikuwa amepiga magoti naye. Bila neno, walipanga mawe ya mtoto wasiyemjua mpaka yakasimama.

Walipomaliza, hawakuinuka. Mama yake Shigela alizungumza akiwa pale pale chini, sauti yake haina haraka, na Sista akatafsiri. Kwanza alishukuru. Alisema mwanawe aliandika kwamba ana mama mwingine anayemlazimisha kula ugali wa mtama mpaka apasuke. Alisema mumewe alizikwa hapo juu ya kilima, kwenye kaburi la ukoo linalotazama ziwa, na nafasi ya Shigeru ipo wazi. Yeye huja hapa kila mwezi barabara isipofungwa na theluji. Wengine hurundika mawe pamoja na kuwa na kaburi. Yeye anarundika kwa sababu hana kingine cha kushika. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa udongo, na akaomba apewe mwanawe.

Neno la Klara lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa amelibeba safari nzima. Lakini kwa kuwa hakutaka kumkatalia mama mwenzake kama anayefukuza mbwa, aliona ni haki amweleze sababu. Alimwomba Sista aseme yote. Asimulie habari za moshi wa samadi, za Limi na viazi vyake, za Mageni na kofia yake. Asimulie watakachosema watu kuhusu mifupa na dhahabu.

Sista alisita. "Mayu, hilo nimwambie kweli?"

"Mwambie. Nikikubali, wanaweza kuniua."

Ilichukua muda. Klara alimtazama yule mama usoni akiyasikiliza, akaona rangi ikimtoka. Alipofika mwisho, Sista alikuwa akitafsiri kwa kunong'ona. Mama yake Shigela alitikisa kichwa, akasema maneno machache, akageukia maji.

"Anasema basi," Sista alieleza. "Anasema aliomba bila kujua. Mwanawe akae alipo. Hataki kumfukua aliyekufa ili auawe aliye hai."

Klara alisikia maneno hayo kwa Kiswahili cha Sista, na ilikuwa kama mtu amempiga kifuani. Aliyajua. Aliyasikia kwa mara ya kwanza akiwa amepiga magoti vivi hivi, mikono yake ikiwa na vumbi vivi hivi, mbele ya mwenye duara. Kwa miaka yote alimhesabu yule mtu kuwa hana moyo. Sasa aliona kwamba maneno yalikuwa ya kweli. Na aliona jambo lililomtisha zaidi, kwamba leo mwenye duara ni yeye. Mama aliyepiga magoti ni huyu, na amekubali kirahisi kuliko yeye Klara alivyokubali. Hakupiga kelele. Hakulaani. Alikuwa ameokota jiwe dogo na anatafuta pa kuliweka.

Kama mtu angemwambia Klara, siku ile Rwamgasa, kwamba Ngusa atatolewa lakini yeye mwenyewe atauza kila kitu alichonacho na kukimbia, angesema nini? Asingeuliza hata mara mbili.

Akafumba macho, akasali Baba Yetu kimoyomoyo kwa Kisukuma. Alipofika pale pa kuwasamehe hakuruka. Lilipita kwa shida, kama mfupa kooni, lakini lilipita.

"Mwambie nitampa mwanawe," alisema. "Ila kaburi lifunguliwe mchana, mbele ya watu wote, Padri akiwepo. Sitaki mtu aseme tulificha."

Sista hakutafsiri mara moja. "Umeshanieleza watakachofanya."

"Nimesikia nilichokueleza. Mwambie."

Mama yake Shigela alikataa. Alikataa tena. Mwishoni Klara alimshika mikono yote miwili, mikono baridi kama samaki, akaishikilia mpaka akaacha kutikisa kichwa. Wakakaa hivyo, mvuke ukiwapita.

Kaburi lilifunguliwa kiangazi, saa za mchana, kama Klara alivyotaka. Padri alikuwepo, mtendaji wa kijiji alikuwepo na kibali chake, na Sista Michiko alikuja na sanduku jeupe. Kijiji kizima kilikuja pia, kikasimama mbali nyuma ya boma la miiba. Hakuna mwanamume wa ukoo aliyeshika jembe. Wachimbaji waliletwa na misheni. Klara mwenyewe aliingia shimoni, akaitoa mifupa kwa mikono yake, akaifunga kwenye kanga mpya, na mtu mmoja nyuma ya miiba akasema kwa sauti ya kusikika, "Tazama haogopi."

Mifupa ilichomewa Shinyanga mjini, mahali Wahindu wanapochomea maiti zao. Mzee Ishwarlal, mwenye duka la vitambaa, alitoa kuni na samli, hakutaka malipo, akasimama kando bila viatu mpaka moto ulipolala. Klara, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mwili hungoja ufufuko, aliutazama moto ule akashindwa kusali sala aliyoizoea. Alisema tu, "Bwana, wewe ndiye unayejua kuokota." Jioni Sista alipanda treni na majivu.

Aliporudi nyumbani, shimo lilikuwa bado wazi. Hakuna aliyekubali kulifukia. Klara alichukua jembe, akaanza peke yake. Mageni alikuja akaegemea nguzo ya zizi, akamtazama anavyofanya kazi.

"Usilijaze lote, shemeji," alisema. "Huenda tukalihitaji."

Klara alisimama, akaegemea mpini. "Unataka kaya, Mageni, au unataka roho yangu?"

Mageni alitazama ng'ombe, halafu shamba la pamba, halafu nyumba.

"Basi chukua kaya," Klara alisema. "Ningoje nimalize kufukia."

Alifukia mpaka udongo ukawa sawa na ardhi, akaulainisha kwa viganja. Alipiga magoti pale kwa mazoea, akatoa rozari, kisha akabaki ameishika. Chini hapakuwa na mtu. Hata Ngusa, aliyekuwa akimtaja hapo jioni zote zile, hakuwepo, na kwa kweli hakuwahi kuwepo. Aliinuka bila kusali. Kabla jua halijakolea asubuhi, alikuwa njiani kwenda Kharumwa kwa Salome, mjane wa Ngusa, na furushi moja kichwani. Katika kaya zote alizopita, waliomwona waliingia ndani.

Kharumwa alipewa chumba nyuma ya nyumba ya mkwewe, akarudia kazi ya kuponda mawe. Salome alimuuliza mara moja tu kama alifanya vizuri. Klara alijibu kwamba mama yake Shigela sasa hakeshi tena akiuwaza mto uliomzuia mwanawe.

Mvua ziliponyesha, Mageni alibomoa boma la miiba akapanda pamba mpaka pale penye kaburi. Udongo wa hapo ulikuwa umechimbuliwa ukalainika, nao ulikuwa umekula samadi ya zizi miaka mingi, kwa hiyo pamba ya hapo ilipanda juu kuliko ya shamba lote na kuzaa vitumba vikubwa. Watu walikuja kuitazama. Walisimama ukingoni mwa shamba wakioneshana kwa vidole, wakasema sasa hapana ubishi, yule mwanamke aliacha dawa yake hapo. Waliapa kwamba siku atakayokanyaga tena Kishapu, hata kama ni kwa mazishi, hataondoka na miguu yake.

Habari hizo zilimfikia Klara mnadani, kwa mwanamke wa kwao aliyekuja kuuza kuku, ambaye alimsimulia akiwa amegeukia pembeni, asionekane anazungumza naye. Klara alimshukuru. Akanunua chumvi aliyotumwa, akarudi kwenye mawe yake.